Besi Inayodonoa: Bert Kaempfert na Kazi ya Kupanga Muziki

Asanteni kwa kuja na jua lote hili. Najua wengi wenu mlipoliona jina la Bert Kaempfert kwenye tangazo mlijiuliza huyu ni nani. Mnamjua, ila hamjui kwamba mnamjua. Kijana wa mitambo, hebu tuwekee nusu dakika ya ule wa kwanza.

(Muziki.)

Naona mama mmoja pale mbele kichwa kinakwenda chenyewe! Huo ndio "A Swingin' Safari", wimbo wake Kaempfert wa mwaka 1962. Neno moja katika jina hilo ni letu, lakini muziki wenyewe haukupita huku. Mdundo ni wa kwela, muziki wa filimbi za bati waliokuwa wakipiga vijana kwenye kona za mitaa ya Johannesburg miaka ya hamsini. Kwela kwa Kizulu ni kupanda juu. Sisi tunasema kukwea, kama mtu anavyokwea mnazi. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Basi Mjerumani huyu alichukua neno la Kiswahili, akachukua mdundo wa kusini, akavipika Hamburg.

Huko ndiko alikozaliwa, tarehe 16 Oktoba 1923, mtaa wa Barmbek. Alipiga piano, klarineti, saksafoni na kodiani. Vita ya Pili ilimkuta kwenye bendi ya jeshi la wanamaji, akaishia mateka Denmark, na humo humo kambini akaunda bendi. Vita vilipokwisha akawa anawapigia maofisa wa Kimarekani kwenye klabu zao Bremerhaven. Mtu aliyekwisha kuchezesha maofisa walio mbali na kwao anajua kinachomtoa msikilizaji kitini na kinachomrudisha.

Sasa niseme kilichonileta. Wazee wa taarabu wanajua kwamba mwenye mashairi ni mmoja na anayeyatia sauti ni mwingine. Baada ya hao wawili kuna wa tatu, naye hatajwi kwenye kadi ya mwaliko: yule anayeamua nani apige, nani anyamaze, fidla ziingie lini. Huyo ndiye mpangaji. Kaempfert alikuwa mtunzi pia, lakini kwangu mimi ukubwa wake uko kwenye kunyamazisha watu.

Sikilizeni besi yake. Ziko mbili. Moja ni ile kubwa ya mbao, inayotoa sauti nene ya chini. Juu yake Ladi Geisler, mzaliwa wa Prague, anapiga noti zile zile kwa gitaa la besi la umeme, anazidonoa kwa kipande cha plastiki na kuzikata kabla hazijavuma. Tk, tk, tk, kama kuku anayedonoa mtama kwenye bati. Nyuma wako waimbaji wasiotamka neno, na fidla zinazopita kama upepo wa pazia. Mbele kabisa tarumbeta moja. Katikati hamna mtu! Ujanani nilikuwa napiga besi kwenye bendi ya harusi, tukajaribu wimbo huu. Hatukumaliza dakika mbili. Kila mmoja wetu akiona nafasi anaijaza, mpiga kinanda ndiye akiwa kinara, na wimbo ukafa pale pale mbele ya bibi harusi.

Tarumbeta hiyo ndiyo iliyompeleka Marekani. Wimbo uitwao "Wonderland by Night", uliopigwa na Charly Tabor, ulishika namba moja kule Januari 1961. Mwaka huo huo, mwezi Juni, aliwarekodi Hamburg vijana wanne wa Liverpool wakimsindikiza mwimbaji Tony Sheridan. Hao ni Beatles, bendi iliyokuja kutikisa dunia nzima. Mwaka uliofuata walipoomba kuondoka kwenye mkataba waliokuwa nao kwake, aliwaachia. Watu humcheka kwa hilo hadi leo. Mimi simcheki. Masikio yake yalikuwa yakitafuta kitu kingine.

Nyimbo zake zilikuwa zikienda kuolewa kwa waimbaji wa Marekani. Wayne Newton alichukua "Danke Schoen", Nat King Cole akachukua "L-O-V-E". Ile "Strangers in the Night" ilianza kama muziki wa filamu usio na maneno. Ikatiwa maneno, Frank Sinatra akaiimba, ikafika namba moja Marekani mwaka 1966. Na kichekesho ni kwamba wimbo huu wa bwana mpangaji alikuja kuupanga mtu mwingine, Ernie Freeman.

Turudi kwenye ile santuri ya safari, maana kuna jambo linanikera. Tazameni majina ya nyimbo kwenye ganda lake. "Skokiaan" ni ya August Musarurwa, wa Zimbabwe ya leo. "That Happy Feeling" ni ya mpiga ngoma wa Ghana, Guy Warren. "Wimoweh" chimbuko lake ni "Mbube", aliyoirekodi Solomon Linda Johannesburg mwaka 1939. Linda alifariki 1962, mwaka ule ule wa santuri hii, akiwa maskini. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Kaempfert siye aliyemdhulumu, dhuluma ilianza zamani. Lakini msikilizaji wa Hamburg alipokuwa akitingisha mguu sebuleni, sidhani kama alijua anacheza jasho la nani.

Kwa miaka mingi Kaempfert alikuwa mtu wa studio. Mwaka 1974 ndipo aliposimama na okestra yake ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Alifariki Mallorca tarehe 21 Juni 1980, akiwa na miaka 56.

Kijana, turudishie ule wa kwanza. Na nyie, safari hii iacheni tarumbeta ijipigie. Msikilizeni kuku.