Chuma cha Damu Hakitupwi

Mabibi na mabwana, nianze na hesabu. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za madini ya chuma. Ili kutengeneza chembe nyekundu za damu, uboho hutaka miligramu 20 hadi 25 kila siku, na chakula, hata kiwe kizuri vipi, huingiza miligramu 1 au 2 tu. Zilizobaki hutoka kwa chembe zilizozeeka.

Chembe nyekundu ya binadamu huishi siku 120 hivi. Ikichakaa hukakamaa, na ikifika kwenye wengu hushindwa kujipenyeza katika mianya yake myembamba. Hapo makrofaji, seli ambazo kazi yake ni kumeza, huimeza nzima na kuimeng'enya. Himoglobini, protini nyekundu ya chembe hiyo yenye chuma ndani yake, huvunjwa, chuma hutolewa, na sehemu ya mabaki hugeuka bilirubini, ile rangi inayoonekana machoni mwa mgonjwa wa manjano. Chuma hutoka nje ya makrofaji kwa mlango mmoja tu, protini iitwayo feropotini. Nje hudakwa na transferini, protini ya kwenye damu ambayo hubeba atomi 2 kwa safari na kuzirudisha kwenye uboho. Wakati wowote ule, transferini zote mwilini zimebeba miligramu 3 tu hivi, kwa hiyo shehena hiyo hushushwa na kupakiwa upya mara kadhaa kwa siku. Kwangu mimi hili ndilo la kustaajabisha kuliko yote.

Ubahili huu una upande wake wa hatari. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Kinachopotea ni kile tu kinachoondoka na damu au na seli zinazobanduka kwenye ngozi na utumbo. Anayeongezewa damu mara kwa mara hupokea miligramu 200 au zaidi za chuma kwa kila uniti, yaani mfuko mmoja wa damu, nacho hulundikana kwenye ini na moyo.

Anayeushika mlango ni ini, kwa homoni ya hepsidini, ambayo huiondoa feropotini. Maambukizi yakiingia, hepsidini hupanda na chuma hufungiwa ndani ya makrofaji, kwani bakteria nao wanakihitaji. Ugonjwa ukidumu, damu hupungua ilhali akiba ya chuma ipo. Naomba hili tulishike sana: mgonjwa wa namna hiyo vidonge vya chuma huenda visimfae, maana hepsidini hiyo hiyo imeziba na njia ya utumboni. Kwanza utafutwe ugonjwa ulioipandisha.