Picha Inayomshtaki Becky

Ahsanteni. Leo namtazama Becky Sharp, mhusika mkuu wa Vanity Fair, riwaya ya Thackeray. Nianze na biashara, maana riwaya zenye picha za kuchekesha kule Uingereza zilikuwa biashara kabla hazijawa somo la chuo. Mwaka 1836 Chapman & Hall wa London, kampuni ya uchapishaji, walianza kutoa riwaya ya The Pickwick Papers, kila mwezi kijitabu kimoja kwa shilingi moja. Wazo la awali lilikuwa la mchoraji, Robert Seymour. Charles Dickens aliitwa aandike maneno ya kuzisindikiza picha. Kijana huyo wa miaka 24 hakukubali kuwa msindikizaji. Aprili Seymour alijiua, picha zikapunguzwa kutoka nne hadi mbili kwa kila toleo, kurasa za maandishi zikaongezwa.

Miongoni mwa walioomba nafasi ya marehemu alikuwa William Makepeace Thackeray. Alimwendea Dickens na michoro yake, akakataliwa. Hatimaye kazi ikamwangukia Hablot Knight Browne, maarufu kwa jina la Phiz. Kwa maoni yangu sisi wasomaji tulinufaika, kwani Thackeray alipofika kwenye Vanity Fair, iliyotoka Januari 1847 hadi Julai 1848, hakumbembeleza mtu. Aliandika mwenyewe, akachora mwenyewe.

Tuseme kweli, hakuwa fundi kama Phiz. Tena kisa kinapita kwenye vita vya Waterloo, 1815, lakini wahusika kawavika nguo za zama zake, na kitabuni humo anajitetea kwamba mitindo ya 1815 ilikuwa mibaya mno! Jeuri hiyo naipenda.

Sasa tazameni picha hii ya mwanzoni. Jos Sedley, mnene, mtoza kodi aliyerudi kutoka India na fedha zake, ameketi mbele ya Becky Sharp, msichana maskini anayetafuta mume tajiri. Mikono ameinyoosha kama anayeomba, na imezongwa na uzi wa hariri ambao Becky anaukunjua taratibu. Chini pameandikwa kuwa Bwana Joseph amenaswa. Tunacheka, tunapita.

Mamia ya kurasa baadaye, kwenye karamu ya wakubwa, Becky anaigiza Clytemnestra, malkia wa Kigiriki aliyemuua mumewe. Wageni wanashangilia.

Halafu sura ya mwisho. Jos, mgonjwa sasa na amekata bima ya maisha, anakutana kwa siri na Dobbin, rafiki wa zamani. Maandishi yanasema ulichaguliwa usiku ambao Becky angekuwa kwenye tafrija. Jos anasihi Becky asiambiwe, la sivyo Becky atamuua yeye Jos. Lakini kwenye mchoro, nyuma ya pazia, nani yule? Becky, anasikiliza, ameshika kitu mkononi. Na maelezo ya picha: Becky kwa mara ya pili katika nafasi ya Clytemnestra.

Miezi mitatu baadaye Jos anakufa. Bima ni pauni 2,000, na Becky ni mmoja wa warithi. Wakili wa kampuni anaapa hajawahi kuona kesi nyeusi kama ile. Thackeray hatamki kwamba Becky aliua. Anatutajia tu mawakili wa Becky: Burke, Thurtell na Hayes, majina ya wauaji waliojulikana sana Uingereza.

Matoleo mengi ya bei nafuu yametupa michoro yote. Aliyenunua toleo la namna hiyo anabaki na hayo majina matatu peke yake, na leo ni nani anamjua Thurtell?