Mguu Unakanyaga Wapi: Mapumziko na Hifadhi katika Bustani za Tanga

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu na ndugu zangu wa Tanga, asalaam aleikum na habari za jioni.

Kila inapotajwa hifadhi, wazo la kwanza linalotujia ni uzio na kibao cha kukataza. Mimi sioni faida ya kuizungushia ukuta Bustani ya Jamhuri, ambako mtu asiye na fedha ya hoteli hukaa jioni akapigwa na upepo wa bandarini. Ninachouliza ni mguu unakanyaga wapi, na chakula kinabaki wapi.

Mizizi myembamba inayonyonya maji iko zaidi katika tabaka la juu la udongo. Watu wakikaa miaka nenda miaka rudi chini ya mti uleule wa mkungu, udongo hushindiliwa, matundu ya hewa huziba, na mvua ya masika hutiririkia baharini badala ya kuzama. Ncha za matawi ya juu zikianza kukauka, sisi husema mti umezeeka. Isitoshe, tunafagia majani yote na kuyachoma, usafi ambao, kwa maoni yangu, unaidhulumu ardhi mbolea yake, ingawa najua wapo watakaonipinga hapa. Yatosha njia moja iliyo wazi, mabenchi kandokando yake, na majani yaachwe yaoze kwingineko.

Kuhusu chakula, mabaki ya mihogo na mishikaki huwalisha kunguru wa India, ndege aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye sasa ametapakaa mwambao, akila mayai na makinda ya ndege wadogo. Miti inaweza kusimama salama na bado bustani ikakosa ndege. Hata hivyo, sikubaliani na kuwafukuza wachuuzi. Wapewe eneo lao na mapipa yenye mifuniko, na taka ziondolewe kabla ya usiku, maana kunguru huamka mapema kuliko mfagiaji.

Penye mikoko nina msimamo mkali zaidi. Mchu, mmoja wa mikoko hiyo, hupumua kwa vijizizi vinavyochomoza matopeni kama penseli, na mpira ukichezwa hapo maji yakitoka, vijizizi hivyo huvunjika. Mifuko ya plastiki ikivifunika, mti hukosa hewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na neno la kushika hapo ni kudumu. Viti vya plastiki hubebwa usiku vikarudishwa stoo, lakini ukumbi wa zege haubebeki. Kwa hiyo, halmashauri inapopokea maombi ya biashara ya ufukweni, naomba iulize kwanza ni kitu gani kitabaki pale mwenye biashara akiondoka, na jibu likiwa ni msingi wa saruji, imwonyeshe kiwanja mjini.