Kuipa Hewa Njia: Bati, Kompyuta na Barabara

Ndugu wanafunzi na mafundi,

Mhandisi Edwin Saltzman, wa kituo cha NASA cha majaribio ya ndege katika jangwa la Mojave, California, alikuwa akienda kazini kwa baiskeli. Kila lori lilipompita, hewa ilimsukuma kwanza kando ya barabara, kisha ikamvuta ndani. Hali hiyo anaijua kila aliyewahi kupishana na lori akiwa juu ya baiskeli. Yeye alitambua kwamba nguvu iliyokuwa ikimyumbisha ilitokana na mafuta ya lori lile.

Mwaka 1973 timu yake ilichukua gari la Ford la mizigo midogo, ikalijengea fremu na kulivika mabati ya aluminiamu hadi likawa kama sanduku la viatu, lenye kona kali pande zote. Dereva alilifikisha kwenye kasi ya kilomita 105 hivi kwa saa, akatoa gia, akaliacha liserereke huku wenzake wakipima kasi ilivyokuwa ikipungua. Kona za wima na za mlalo zilipopewa mviringo, ukinzani wa hewa ulishuka kwa zaidi ya nusu. Hapakuwa na injini mpya. Ni bati lililokunjwa vizuri.

Sababu yake ni kwamba hewa haiwezi kuifuata kona kali, hivyo hubanduka kwenye bodi na kuacha nyuma yake eneo la shinikizo dogo linalolivuta gari. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, inaongezeka kwa zaidi ya nusu.

Leo fundi wa nyumbani ana pia OpenFOAM, programu ya bure ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2004, inayoigawa hewa iliyolizunguka gari katika vyumba vidogo mamilioni na kukokotoa mwendo wake katika kila kimoja. Naithamini sana, lakini hujibu kuhusu gari ulilolichora tu. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na uvungu laini kama meza, na kwa hiyo kompyuta haikuona faida yoyote ya kufunika chini. Nilipolala chini ya gari lenyewe na kuona ekzosi, tangi na mikono ya springi, vyote vikiikabili hewa, nilirudi kuchora upya.

Hata mkia wa gari nilioutengeneza kwa bati jembamba niliupima kwa nyuzi za sufu, nikizibandika kwa gundi ya karatasi juu ya kioo cha nyuma, huku rafiki akinifuata na kamera. Kompyuta ilisema hewa imeshikamana na bodi hadi ukingoni. Nyuzi za juu zililala kimya kuelekea nyuma. Zile za pembeni zilipigapiga na kugeukia mbele, ishara kwamba hapo hewa ilikuwa imebanduka. Pembe ya bati la pembeni ilikuwa kali mno, nikaipunguza, kisha tukarudi barabarani jioni ileile, kabla upepo haujabadilika.