Ujira Kwanza, Bakshishi Baadaye

Mabibi na mabwana, wakazi wenzangu wa Dar es Salaam,

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo hutukuta mlangoni karibu kila wiki: je, mtu anayekuja kutufanyia kazi nyumbani, awe fundi bomba, fundi umeme, dobi, mzoa taka au kijana aletaye mtungi wa gesi, tumpe chochote juu ya malipo tuliyopatana naye? Jibu langu ni kwamba tumpe tukiweza, lakini kwanza tujiulize kama malipo yenyewe yalikuwa ya haki, kwa maana katika jiji hili nimeona mara nyingi bakshishi ikifunika ujira uliopunjwa.

Neno bakshishi lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako shina lake ni kutoa na kusamehe, ila desturi yenyewe ina majina mengine katika lugha yetu. Kulikuwa na kilemba, zawadi aliyopewa fundi au mwalimu kazi ilipokwisha, na kulikuwa na kiinua mgongo, ambacho leo tunakijua zaidi kama malipo ya mstaafu, lakini ambacho kwa maneno yake yenyewe ni kitu apewacho mtu aliyeinama kazini ili ainue mgongo wake. Naipenda sana picha hiyo. Inatueleza kwamba kitu hiki hutolewa mwishoni, na mtu aliyeridhika, kwa mtu ambaye mwili wake umechoka kwa ajili yetu. Siku hizi tunasema "ya soda" au "ya maji", na maana haijabadilika sana.

Kilichobadilika ni sisi tunaotoa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiishi Tabata, bomba la kuingiza maji bafuni kwangu liliharibika, nikamwita fundi. Alikuja na saidia fundi wake kutoka Mbagala kwa daladala mbili, akatazama kazi, akataja shilingi 40,000. Nikamvuta mpaka 25,000, nikijua fika kwamba mtu aliyekwisha kulipa nauli kutoka Mbagala hatakubali kurudi mikono mitupu. Walifanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na walipomaliza nikampa fedha zake pamoja na 2,000 nikamwambia, "Hii ya soda." Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, nami nikajiona mkarimu. Baadaye nilitoka kufunga geti, nikawakuta wameketi ukutani wakigawana. Alitenga kwanza fedha za koki na za vifaa vingine alivyokopa dukani, kisha nauli, na zilizobaki kwa watu wawili, pamoja na ile soda yangu, zilikuwa shilingi 11,000. Nilikuwa nimemkata 15,000, kisha nikamrudishia 2,000 na kuiita zawadi.

Wengi wetu tumekua tukisikia hadithi ya Mtume kwamba mwajiriwa alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hadithi hiyo inasema ujira, na ujira ni deni. Hakuna bakshishi inayolipa deni.

Upo upunjaji mwingine ambao hatuuoni kwa sababu hauna sauti. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, mafundi wengi tunawalipa kwa simu, na wengi wetu tunatuma kiasi kile kile tulichopatana bila kuweka ya kutolea. Fundi akifika kwa wakala anakatwa, na ujira wake unapungua ilhali sisi tunaamini tumelipa kamili. Kabla mtu hajafikiria kumpa fundi ya soda, na aweke ya kutolea.

Wako wanaosema kwamba bakshishi ndiyo itakayowainua watu wa kipato cha chini. Siafiki. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu 1991, kwa hesabu kwamba mteja atajazia. Zawadi ya mteja imekuwa nafuu ya mwajiri. Nasi tunaweza kufika huko kwa njia yetu wenyewe, hasa kwa dada wa kazi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Kilikuwa kidogo, na bado nimesikia mwenye nyumba akieleza kwamba dada yake "hupewapewa na wageni", kana kwamba mkono wa mgeni unapunguza wajibu wa mwajiri. Mgeni aliyelala siku tatu na kufuliwa mashuka amwachie dada kitu, tena waziwazi, lakini kitu hicho kisiingizwe katika hesabu za mshahara wake.

Kwa anayekuja kwa niaba ya ofisi ya umma, kuunganisha huduma au kukagua mita, nasema asipewe fedha hata kidogo. Maji ya kunywa na kiti kivulini vinatosha. Kwake, "ya soda" hugeuka "chai" haraka sana, na sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani anayetoa kama inavyomtia anayepokea. Na jirani asiye na cha kutoa ndiye atakayesubiri foleni mpaka achoke.

Kuhusu namna ya kutoa sina mengi. Itolewe baada ya kazi, mbele ya wote waliofanya kazi, ili saidia fundi naye aione.

Sasa naishi ghorofa ya nne. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ukihesabu na chuma chake, hukaribia kilo 30, na siku moja umeme ulipokatika, lifti ikiwa imesimama, kijana aliupandisha begani kwa ngazi, akautua jikoni na kusimama kimya mpaka pumzi iliporudi. Bei tuliyopatana haikuwa na ngazi ndani yake. Nikamlipa gesi, nikaongeza shilingi 3,000, nikamwambia kwamba hiyo si ya soda, ni malipo ya ngazi. Alizikunja zote pamoja, kisha akasita, akazitoa, akazitenga: za gesi akaziweka mfuko wa kulia kwa sababu ni za tajiri wake, na zile 3,000 akazitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo.