Hakuna Jeni ya Jino

Kila ninapozungumzia jinsi jino linavyoumbika hakosi mtu wa kuuliza: sasa jeni ya jino ni ipi? Hakuna. Aliyekuja kutafuta jina moja la kukariri atatoka hapa mikono mitupu.

Jino hutokana na mazungumzo ya tishu mbili: epithelia, yaani utando wa kinywa cha kiinitete, utakaotoa enameli, gamba gumu la nje la jino, na mesenkima, tishu iliyo chini yake, itakayotoa dentini, sehemu ngumu iliyo ndani ya gamba hilo. Suala langu siku zote ni hili: nani huanza kusema?

Mwaka 1987 watafiti Mina na Kollar walibandua epithelia ya taya la kiinitete cha panya, wakaiweka juu ya mesenkima ya tao la pili la koromeo, mahali pasipoota jino kamwe, kisha wakaikuza ndani ya jicho la panya mzima. Naam, jichoni. Epithelia ikiwa ya kiinitete kisichotimiza siku 12, jino likatokea, ugenini kabisa! Ikiwa ya kiinitete kilichovuka umri huo, hakuna kitu. Je, imesahau kazi? Hapana, imeshaikabidhi. Toka hapo mesenkima ndiyo yenye amri. Iunganishe hata na epithelia ya mguu, jino litaota.

Makabidhiano hayo tunayaona. Mwaka 1993 watafiti waliloweka shanga ndogo katika BMP4, protini ya ishara ambayo mwanzoni hutolewa na epithelia, wakaiweka juu ya mesenkima peke yake. Seli zilizoizunguka zikawasha jeni ya MSX1, tena zikaanza kutoa BMP4 zenyewe. Neno ni lile lile, msemaji ndiye kabadilika. Na panya asiye na MSX1, meno yake hukwama yakiwa machipukizi.

Hapo mtu ataruka: basi MSX1 ndiyo yenyewe! Jamani. Panya huyo huyo kaakaa lake nalo halifungi. Na protini za ishara za jino, yaani jamii za BMP, FGF, SHH na WNT, ndizo zinazojenga nywele, manyoya ya ndege na vidole. Mwenye hitilafu katika jeni ya EDA hupungukiwa meno, nywele huwa haba, na jasho halimtoki sawasawa. Jeni ya jino iende kwenye jasho kutafuta nini?

Fundo la enameli lilistahili saa nzima, nami nimeshaimaliza. Kwa ufupi: ni kishada cha seli zisizogawanyika, ambazo kwa ishara ya FGF4 huwahimiza jirani zao wagawanyike, halafu zenyewe hufa. Katika gego, kila ncha huanzia penye fundo lake.

Jeni nyingine, PAX9, naipitia mbio. Mwenye nakala yake moja mbovu mara nyingi hukosa magego. Mwenye nakala moja mbovu ya MSX1 hukosa zaidi magego madogo na gego la mwisho. Kwa nini hii ipige huku na ile kule, tuulizane kwenye maswali.