Kimbunga Houston, Mafuriko Kano: Tuchange Kabla Maji Hayajafika

Hamjambo watu wangu wa nyumbani. Walioko Ahero, Awasi, Katito na Kisumu mjini, walioko Budalang'i na Port Victoria, na jamaa zetu wa Nakuru pia, nawasalimu wote kutoka Houston, Texas. Kama hapo ulipo kuna mzee au mama, mwite akae karibu na simu. Mengi nitakayosema leo yanamhusu yeye kuliko wewe mwenye miguu ya kukimbia.

Msimu wa vimbunga umeanza huku. Kila mwaka unafunguliwa tarehe 1 Juni na kufungwa tarehe 30 Novemba, na mwezi wa tisa ndio mbaya zaidi. Basi simu za kutoka nyumbani zimeanza: mjomba anauliza kama tuko salama, shangazi anasema tunaombewa kanisani. Ahsanteni sana, endeleeni kutuombea. Lakini leo nataka tuzungumze juu yenu ninyi, kwa sababu kila nikitazama wanavyojiandaa huku, nafikiria tambarare zetu za Kano, huko Kisumu.

Najua mtu atasema, sisi Kisumu hatuna vimbunga. Ni kweli. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na ili upepo ule uanze kujizungusha, unasaidiwa na mzunguko wa dunia yenyewe. Karibu na ikweta msaada huo haupo. Na ikweta si inapita hapo Maseno? Ndiyo maana vimbunga havitufikii. Kile kilichoitwa Hidaya, cha Mei 2024, kilipiga pwani ya Tanzania, kule Mafia.

Lakini sikilizeni jambo hili. Wataalamu wa huku walichunguza vifo vilivyoletwa na vimbunga Marekani kuanzia 1963 hadi 2012, miaka hamsini. Katika kila watu kumi waliokufa, karibu tisa waliuawa na maji. Upepo unang'oa mabati na kuangusha miti, na ndio unaoonyeshwa kwenye televisheni, lakini mwuaji ni maji. Bahari inapanda nchi kavu, mito inafurika, mtu anazama ndani ya gari lake. Na maji sisi tunayo.

Kimbunga Harvey kilifika Texas mwezi wa nane mwaka 2017, kisha kikakaa, hakikutaka kuondoka. Mji mmoja hapa upande wa mashariki, Nederland, ulipimwa milimita 1,539 za mvua kwa siku chache tu. Mvua ya Kisumu ya mwaka mzima, masika na vuli ukijumlisha, haifiki hapo. Watu walitolewa kwenye paa za nyumba kwa mashua, na mashua nyingi zilikuwa za raia wa kawaida, wavuvi waliokuja na vyombo vyao wenyewe bila kungoja kuitwa.

Nawaambia hilo kwa sababu nyumbani kuna imani kwamba Marekani serikali inamfanyia mtu kila kitu. Hapana. Inasaidia, na ina vyombo ambavyo sisi hatuna. Lakini saa zile za kwanza ni wewe na jirani yako, huku kama huko.

Mimi kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kilitupitia, na kilipofika hapa kilikuwa cha daraja la kwanza, lile la chini kabisa. Hata hivyo nyumba na biashara zaidi ya milioni mbili zilikosa umeme, wengine kwa siku nyingi, katika joto ambalo hata mtu wa Kisumu angelilalamikia. Sasa fikiria bibi anayepumua kwa mashine ya oksijeni inayotumia umeme.

Mmoja wa wazee ninaowatunza ni wa namna hiyo. Kwenye mlango wa friji yake kuna karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na iliandikwa mwezi wa tano, jua likiwaka, hakuna hata wingu. Inasema: umeme ukipotea, mitungi ya oksijeni isiyohitaji umeme iko kwenye kabati hili. Dawa ni hizi na hizi. Atakayemchukua ni jirani wa nyumba ya tatu, mwenye gari kubwa. Huyo akikosekana, ni mpwa wake. Atapelekwa kwa dada yake, mji fulani, barabara fulani. Basi Beryl ilipokaribia, hakuna aliyekaa kufanya mkutano. Jirani alikuja, tukambeba bibi, tukabeba mitungi na dawa, akaondoka kabla upepo haujaanza.

Jina la mtu. Hilo ndilo lililonigusa. Karatasi ile haikusema "atasaidiwa na jamii". Ilitaja mtu, na ikataja wa pili endapo wa kwanza hayupo.

Mnakumbuka New Orleans, kimbunga Katrina, tarehe 29 Agosti 2005? Kingo zilizojengwa kuzuia maji zilivunjika, na asilimia 80 hivi ya mji ikafunikwa. Amri ya kuhama ilikuwa imetolewa siku moja kabla. Wenye magari walihama. Waliobaki wengi walikuwa maskini, wazee na wagonjwa, watu ambao tangazo liliwafikia lakini hakuna aliyepangiwa kwenda kuwachukua. Watu wa Budalang'i, ninyi hamhitaji kuelezwa kingo zikivunjika inakuwaje. Mto Nzoia umewafundisha.

Na isidhaniwe kwamba jambo hili linataka utajiri. Angalieni Bangladesh. Mwaka 1970 kimbunga kimoja kiliua watu zaidi ya laki tatu huko. Miaka miwili baadaye, serikali na watu wa Hilali Nyekundu, ndugu wa Msalaba Mwekundu, wakaanza kufundisha watu wa kujitolea kijiji kwa kijiji. Mtu anapewa kipaza sauti cha mkononi na bendera. Bendera moja ina maana yake, mbili zina maana yake, tatu maana yake ondokeni. Anapita kwa baiskeli akitangaza, na anajua nyumba ipi ina mjamzito na ipi ina mzee asiyeona. Mwaka 2020 kimbunga kikali, Amphan, kilipokaribia, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa, na waliofariki nchini humo walihesabiwa kwa makumi. Kipaza sauti, bendera, baiskeli. Hivyo vyote Ahero vipo.

Tuje nyumbani sasa. Kimbunga kinaonekana kwa satelaiti kikiwa mbali baharini, kwa hiyo huku onyo la kwanza hutolewa saa 48 kabla ya upepo mkali, na la pili, lililo zito zaidi, saa 36. Mto Nyando haukupi muda huo. Mvua inanyesha Nandi na Kericho, wewe uko Ahero na jua lako, mahindi yameanikwa, halafu usiku maji yanaingia chini ya mlango. Tarehe 29 Aprili 2024, Mai Mahiu katika Kaunti ya Nakuru, maji yaliwakuta watu alfajiri vitandani. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha pale, na mafuriko ya msimu ule yaliua karibu watu 300 nchi nzima. Solai, Mei 2018, bwawa lilipasuka usiku. Tazameni saa zenyewe: usiku, alfajiri. Kwa hiyo sisi ndio tunaohitaji mpango wa mapema kuliko hata hawa wa Houston, kwa maana wao wana siku mbili, sisi tuna saa chache, tena za giza.

Ningekuwa nimekaa kwenye baraza la chifu wiki hii, ningeomba jambo moja tu lifanywe kabla ya mvua za vuli. Mzee wa kijiji apite kila boma akiwa na daftari. Nani hapa hawezi kutembea? Nani atambeba, na huyo akiwa safarini, nani mwingine? Anapelekwa wapi: shule gani, kanisa gani lililo juu, na ufunguo wa shule hiyo usiku uko kwa nani? Huo ufunguo, jamani. Watu wanafika langoni na watoto mgongoni, mvua inanyesha, kufuli limefungwa, mlinzi hajulikani alipo. Ufunguo wa pili ukae kwa mtu anayelala karibu. Halafu vijana wa bodaboda wapangwe nani anakwenda upande gani. Na kijiji kiwe na simu ya mtu wa kule juu, Chemelil, Muhoroni, hata Nandi kwenyewe, ambaye mto ukijaa kwake anapiga simu chini. Idara ya Hali ya Hewa ina mkurugenzi katika kila kaunti, utabiri upo na redio zetu husoma kwa lugha zetu. Lakini utabiri unakwambia mvua inakuja, haukwambii nani anambeba bibi.

Vitambulisho, vyeti vya shule, hati ya shamba, kadi za kliniki za watoto: tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, ning'iniza juu karibu na mlango. Vipige picha pia, umtumie mtoto wako aliye mjini. Maji ya kunywa, wanahesabu lita nne kwa mtu mmoja kwa siku. Tena usivuke maji yanayokwenda kwa kasi. Sentimita 15 tu, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 yanasukuma gari dogo. Dereva wa matatu akikwambia "tutapita tu", shuka.

Baada ya maji kupungua hatari haijaisha, na hapa nawaomba mniangalie vizuri. Huku watu hufa baada ya kimbunga kupita, nyumbani kwao, wakiwa wamelala. Umeme haupo, wanawasha jenereta kwenye gereji au karibu na dirisha, moshi unaingia, hakuna anayeamka. Sheria ni kuiweka nje, mita sita au zaidi kutoka kwenye nyumba. Sisi wengi hatuna jenereta, lakini tuna jiko la makaa. Kambini kuna baridi, nguo zimelowa, mama anaingiza jiko ndani ya hema au darasani ili watoto wapate joto, anafunga mlango. Ile hewa ya sumu ni ileile, kaboni monoksaidi, haina harufu. Jiko libaki nje. Watoto wafunikwe mablanketi, walale pamoja.

Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko usiyanywe hivihivi, maana vyoo pia vilifurika na vyote vimechanganyika. Yachemshe mpaka yatokote kabisa, au tia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Kipindupindu hakisubiri. Nyumba ya udongo iliyokaa ndani ya maji, zunguka nje kwanza, tazama nyufa na miguu ya kuta, kabla hujamruhusu mtoto kuingia. Nyoka pia hutafuta pakavu, kwa hiyo ingia na fimbo mchana, usiingie usiku.

Huku wanaharakisha kutoa kila kitu kilicholowa. Zulia, magodoro, hata kuta zenyewe za jasi hukatwa na kutupwa nje, kwa sababu ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Kabla ya kutupa wanapiga picha, kwa ajili ya bima. Na wengi hugundua kwa uchungu kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ile ya mafuriko ni nyingine, na ukiinunua kwa kawaida unangoja siku 30 ndipo ianze kufanya kazi. Ukiona mawingu umeshachelewa.

Sasa naongea na wenzangu wa ughaibuni, tulioko Marekani, Uingereza, Ghuba na kwingineko. Sisi ni wepesi wa kuchanga, na najivunia hilo. Mafuriko yakitokea, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa usiku huohuo, na kufikia asubuhi hela zimefika. Ni za mablanketi, unga, na mara nyingi jeneza. Mnisamehe kulitaja, lakini mnajua ni kweli. Kwa nini pesa zetu zinafika baada ya maji? Pesa hizohizo mwezi wa nane zingenunua kamba, tochi za sola, vipaza sauti vya mkononi, dawa ya maji, na mbao za kuinua ghala ili mbegu zisioze. Hasa mbegu. Familia iliyookoa mbegu inapanda kunde na sukuma wiki mara shamba likikauka. Iliyozipoteza inategemea msaada mpaka msimu mwingine.

Chama chetu cha watu wa Kano hapa Houston tumekubaliana hivi: mchango wa mwaka huu unatumwa Agosti, na unakwenda kwa kikundi cha akina mama ambacho tayari kina daftari na mweka hazina. Watanunua wenyewe, Ahero, kwa bei ya Ahero. Tumewaomba watutumie orodha ya maboma yao yenye wazee na wagonjwa, na majina mawili mbele ya kila boma, ya wabebaji. Orodha hiyo hatutaiweka mtandaoni, ni mambo ya watu. Maboma ambayo yatakuwa na jina moja tu, au hayana kabisa, tutakaa nayo kwenye simu na mzee wa kijiji mpaka yajazwe.

Kama kijiji chako kingependa kufanya hivyo, Nyakach, Budalang'i, popote, anzeni na daftari, msingoje sisi. Daftari ni la bei ndogo dukani. Mama, ukisikia hii, kesho mwulize yule kijana wa jirani, mwenye bodaboda, kama atakubali jina lake liandikwe. Nitakupigia Jumapili baada ya kanisa uniambie alichojibu.